Kifuniko Kimekazwa, Gesi Imepitia Wapi?

Swali la msomaji: "Mwalimu, shikamoo. Juzi tulifungua soda ya chupa ya plastiki ya lita 2. Ilipobaki nusu niliibonyeza chupa mpaka soda ikapanda karibu na mdomo na hewa yote ikatoka, nikakaza kifuniko, nikaiweka kwenye friji. Kesho yake nikakuta chupa imerudi umbo lake na imekaza kabisa, lakini soda imelegea. Tukanywa tena ikabaki robo, nikafunga, safari hii bila kubonyeza. Siku ya tatu ilikuwa maji ya sukari tu. Kifuniko hakivuji, nimeipindua chupa kuhakikisha. Gesi imepitia wapi? Na ipo njia ya kweli ya kuizuia?"

Marahaba. Umeuliza vizuri, na ushahidi wa jibu umo ndani ya swali lako mwenyewe: ile chupa iliyorudi umbo lake. Uliibonyeza ikaingia ndani, ukaifunga, na usiku kucha hakuna aliyeigusa. Kuna kitu kilichozisukuma kuta zake kutoka ndani mpaka zikakaza. Kitu hicho ni gesi iliyokuwa ndani ya soda yako. Haikupita kwenye kifuniko. Ilihama kutoka kwenye kinywaji ikaenda kukaa kwenye nafasi tupu iliyo juu yake, ikatulia humo hadi ulipofungua tena, na hapo ndipo ilipoondoka. Watu wengi wanahangaika na kifuniko, wakati hasara inafanyika kwenye ile nafasi tupu.

Ili uone hivyo, turudi kwanza mahali soda inapotiwa gesi. Gesi yenyewe ni kaboni dioksaidi, hiyo hiyo tunayoitoa tunapopumua. Maji huyeyusha gesi hii kwa wingi kuliko yanavyoyeyusha oksijeni au naitrojeni, ila yana kikomo, na kikomo hicho kinaamuliwa na baridi pamoja na presha. Maji ya nyuzi 0 yakizungukwa na kaboni dioksaidi tupu kwa presha ya kawaida ya hewa, lita moja hubeba kama gramu 3.3. Yakifika nyuzi 25 hubeba kama gramu 1.45, yaani chini ya nusu. Kuhusu presha, Mwingereza William Henry alionyesha mwaka 1803 kwamba ukiongeza presha ya gesi iliyo juu ya maji mara mbili, kiasi kinachoyeyuka nacho huongezeka mara mbili. Kanuni hiyo ina jina lake hadi leo, na bila hiyo huwezi kuelewa chochote kuhusu soda.

Kiwanda hutumia yote mawili. Hupoza kinywaji, kisha hukisukumia gesi kwa nguvu hadi kila lita ibebe takriban gramu 6 hadi 8. Gramu moja ya kaboni dioksaidi ikiwa huru kwenye joto la kawaida hujaza zaidi ya nusu lita, kwa hiyo chupa yako ya lita 2 ilikuja nyumbani ikiwa na gesi ambayo ikiachiwa yote ingejaza zaidi ya lita 6. Kazi ya kuifungia gesi kiasi hicho iliwasumbua watengenezaji tangu mwanzo. Joseph Priestley alifanya majaribio yake ya kwanza ya maji yenye gesi huko Leeds mwaka 1767, akitumia gesi iliyotanda juu ya mapipa ya kiwanda cha bia, lakini kizibo cha bati chenye meno tunachokijua kwenye chupa za kioo kilipatiwa hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, na William Painter mwaka 1892. Zaidi ya karne nzima ilipita katikati.

Chupa ikiwa bado haijafunguliwa, pande mbili zimesawazika. Molekuli za gesi, yaani chembe zake ndogo kabisa, zinatoka kwenye kinywaji kuingia nafasi ndogo iliyo shingoni, na nyingine kwa idadi ile ile zinarudi ndani. Presha humo, chupa ikiwa kwenye friji, ni zaidi ya mara mbili ya presha ya hewa inayotuzunguka. Iache kwenye joto la nyuzi 25 itapanda kupita mara nne, ndiyo maana chupa yenye joto hulia kwa nguvu zaidi unapoifungua. Ukifungua tu, presha hiyo inaanguka mara moja. Sasa soda imebeba gesi kupita uwezo wake, na kilichoko juu yake ni hewa ambayo kaboni dioksaidi ni kama asilimia 0.04 tu. Ukiiacha wazi mpaka isawazike na hewa hiyo, lita moja itabaki na gesi isiyofika hata sehemu moja ya elfu ya gramu. Huko ndiko kila soda iliyofunguliwa inakoelekea, na tunachoweza kubadilisha ni mwendo tu.

Hapa kuna jambo ambalo mimi naliona zuri kuliko yote. Kama soda imebeba gesi kupita uwezo wake, kwa nini haitoki yote kwa mara moja? Sababu ni kwamba kuzaliwa kwa kiputo ni kazi ngumu. Uso wa maji hujivuta kama ngozi, na kadiri kiputo kinavyokuwa kidogo ndivyo ngozi hiyo inavyokibana zaidi. Aliyewahi kupuliza puto anajua kwamba pumzi za mwanzo ndizo ngumu. Kiputo chenye nusu kipenyo cha sehemu moja ya elfu ya milimita, kikiwa ndani ya maji, kinabanwa kwa presha ya ziada inayokaribia mara 1.4 ya presha ya hewa. Kifanye kidogo mara kumi zaidi, kitabanwa kwa mara 14. Gesi iliyo ndani ya soda haina nguvu ya kushinda kizuizi hicho. Kwa hiyo kiputo hakiwezi kuanza katikati ya maji matupu, kinaanza tu pale ambapo tayari kuna kifuko cha hewa kilichojificha: kwenye mkwaruzo wa glasi, kwenye chembe ya vumbi, kwenye uzi mwembamba.

Jaribu kuangalia mwenyewe. Mimina soda isiyo na rangi kwenye glasi safi, ishike mbele ya mwanga, chagua mstari mmoja wa viputo na uufuate kwa macho kushuka mpaka chini. Utaona unatoka kwenye nukta moja isiyohama. Mwanafizikia Gérard Liger-Belair wa Chuo Kikuu cha Reims, Ufaransa, ameichunguza shampeni kwa kamera za kasi akaonyesha kwamba nukta nyingi za namna hiyo ni nyuzi za selulosi, vipande vidogo mno vilivyoachwa na kitambaa cha kufutia au vilivyodondoka kutoka hewani. Uzi huo una uwazi katikati, na kinywaji kinapoufunika hewa kidogo hunaswa ndani. Gesi iliyoyeyuka huingia kwenye hewa hiyo, inavimba, kipande kinakatika na kupanda, na kilichobaki ndani kinaanza upya. Kinaweza kufanya hivyo mara nyingi kwa kila sekunde.

Sasa fuata kiputo kimoja kikipanda. Chini ni kidogo kiasi cha kukupotea machoni, juu kimekua mpaka unakiona bila shida. Wengi husema kinakua kwa sababu presha ya maji inapungua kadiri kinavyopanda. Ni kweli inapungua, lakini katika kina cha sentimita 10 tofauti ni kama asilimia moja tu, haiwezi kukikuza kiasi hicho. Kinakua kwa sababu kila hatua ya safari yake kinakusanya gesi kutoka kwenye soda inayokizunguka. Na kwa kuwa kimekua, kinapanda haraka zaidi, ndiyo maana nafasi kati ya kiputo na kiputo huongezeka kuelekea juu.

Bila viputo gesi ina safari ndefu. Kwenye maji yaliyotulia kabisa, molekuli ya kaboni dioksaidi huhitaji saa kadhaa kutangatanga umbali wa sentimita moja. Soda iliyotulia kwenye glasi iliyosafishwa kwa asidi kali ya maabara, isiyo na uzi wala mkwaruzo, karibu haitoi kiputo hata kimoja, na hukaa na gesi yake muda mrefu. Viputo hufanya kazi mbili: hubeba gesi juu na hukoroga kinywaji, ili sehemu iliyobaki na gesi nyingi ifike usoni.

Ukishaelewa hivyo, mambo mengi yananyooka. Kutikisa chupa iliyofungwa, kwa mfano, hakuongezi presha ndani yake ikiwa ilishasawazika. Kunachofanya ni kuingiza vijiputo vya ile gesi ya juu katikati ya kinywaji, na kila kimoja ni mahali tayari pa gesi kukimbilia. Ukifungua wakati huo, vyote vinavimba pamoja na kusukuma soda nje. Ukisubiri dakika chache, vijiputo vinapanda na kuisha, hatari inapungua. Kugonga kopo kwa kidole hakusaidii: watafiti wa Denmark walilijaribu mwaka 2019 kwa makopo 1,000 ya bia, mengine yametikiswa, mengine hayakutikiswa, wakagonga baadhi na mengine wakayaacha, na kugonga hakukuleta tofauti yoyote. Pipi za Mentos zikitumbukizwa kwenye soda zinarusha mnara wa povu kwa sababu uso wake una vishimo visivyohesabika na pipi inazama mpaka chini, ikizalisha viputo katika kina chote. Tonya Coffey, mwanafizikia wa Marekani, alichapisha uchunguzi wake juu ya hilo mwaka 2008. Sukari na chumvi hufanya vivyo hivyo kwa kiasi kidogo, kwa chembe zake, na barafu pia.

Turudi kwenye chupa yako, maana sasa tunaweza kuipigia hesabu. Ukiwa na chupa iliyobaki nusu, lita moja ya soda na lita moja ya nafasi tupu, gesi inajigawa kati ya sehemu hizo mbili mpaka zisawazike. Kwenye friji, nyuzi 4, kama asilimia 60 ya gesi hubaki kwenye kinywaji na asilimia 40 huenda juu. Chupa hiyo hiyo ukiiacha mezani kwenye nyuzi 25, kinywaji kinabaki na kama asilimia 45 tu. Ukifungua kesho yake, ile sehemu iliyokwenda juu inatoka, hairudi. Halafu mkanywa, ikabaki robo: nusu lita ya soda chini ya lita moja na nusu ya nafasi tupu. Safari hii hata kwenye friji kinywaji kinabaki na theluthi moja tu ya gesi iliyokuwemo. Theluthi ya asilimia 60 ni asilimia 20, na hapo sijahesabu gesi iliyotoka wakati wa kumimina. Ndiyo maji ya sukari uliyoyakuta.

Huenda kifuniko kilikulilia kidogo siku hiyo ya tatu, ukadhani gesi ipo. Mlio huo hautoki kwenye soda. Ni hewa uliyoifungia jana, pamoja na gesi kidogo iliyoiongezea presha. Soda yenyewe ilikuwa imeshashuka chini ya kiasi ambacho kingeweza kutoa kiputo.

Na kule kubonyeza je? Hesabu inatoa jibu la moja kwa moja. Kinachoamua ni kiasi gani cha kaboni dioksaidi kitahama, na hiyo inategemea ukubwa wa nafasi na presha ya kaboni dioksaidi yenyewe ndani yake. Chupa ikisharudi umbo lake lote, nafasi ni lita moja ile ile, na gesi iliyohama ni ile ile kama usingebonyeza kabisa. Kwa kweli ulipobonyeza uliondoa hewa iliyokuwa inaikandamiza soda, viputo vikapata urahisi wa kuanza, na soda ikafika mwisho wake mapema zaidi. Kungesaidia kama kuta zingebaki zimeingia ndani, lakini plastiki ya chupa za soda ina ugumu wake, hupenda kurudi ilivyokuwa.

Zile pampu ndogo za kusukumia hewa kwenye chupa zinaishia palepale. Hewa unayosukuma ni naitrojeni na oksijeni. Kwa muda mfupi presha hiyo hupunguza viputo, soda ikaonekana imetulia, lakini gesi iliyoyeyuka haijali presha ya naitrojeni, inatazama kaboni dioksaidi iliyo juu yake tu. Ukiiacha usiku kucha itahama kama kawaida. Kijiko kinachoning'inizwa kwenye mdomo wa chupa wazi ya shampeni hakifanyi lolote, kinachosaidia ni ile baridi ya friji. Na kulaza au kupindua chupa isiyovuja hakubadilishi hesabu, maana nafasi tupu ni ile ile popote itakapokuwa.

Kabla sijakwambia la kufanya, neno moja kuhusu ladha, kwa sababu ulisema "maji ya sukari". Sukari haijaongezeka. Kilichoondoka ni ule ukali uliokuwa unaifunika. Sehemu ndogo ya kaboni dioksaidi iliyo kwenye maji hugeuka kuwa asidi ya kaboniki, na kwenye ulimi kuna kimeng'enya kinachoharakisha mgeuko huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliofanywa kwa panya, ulionyesha kwamba chembe hai za ulimi zinazotambua uchachu ndizo zinazotambua pia gesi hii. Neva za mdomoni nazo huhisi asidi hiyo kama mchomo. Yaani ule mchomo mtamu wa soda hausababishwi na viputo kupasuka kama wengi tunavyoamini. Watu waliokunywa maji yenye gesi ndani ya chumba chenye presha kubwa, ambamo viputo haviwezi kutokea, walihisi mchomo kama kawaida. Na wapanda milima wanaotumia asetazolamaidi, dawa inayozuia kimeng'enya hicho, hulalamika kwamba soda na bia zimekosa ladha ingawa wanaona povu kwa macho yao. Kwa hiyo kupungua kwa gesi iliyoyeyuka unakusikia ulimini hata kama viputo vichache bado vinaonekana.

Sasa la kufanya. Kubwa kuliko yote ni kupunguza nafasi tupu. Kama unajua hamtamaliza chupa siku hiyo, usisubiri ibaki nusu. Ikiwa bado baridi sana, hamishia kiasi utakachotunza kwenye chupa ndogo safi ya soda, ukiimimina taratibu kwa kuilaza chupa ili itiririke ubavuni, ijae mpaka karibu na mdomo, kisha ukaze kifuniko. Utapoteza kidogo wakati wa kuhamisha, lakini chupa ndogo iliyojaa ina nafasi ndogo sana ya kugawana gesi nayo. Tumia chupa iliyotengenezwa kwa ajili ya soda, kwa sababu chupa nyembamba ya maji haikuundwa kuhimili presha hiyo. Rahisi zaidi ni kununua chupa ndogo ndogo badala ya moja kubwa, ila kumbuka hilo nitakalosema hapo chini kuhusu plastiki.

La pili ni baridi kabla ya kufungua, si baada. Soda ya nyuzi 4 ina uwezo wa kubeba gesi karibu mara mbili ya ile ya nyuzi 25, hivyo inapofunguliwa inakuwa haijazidiwa sana kama yenye joto, na viputo vinavyotoka ni vichache zaidi. Ukifungua yenye joto halafu ukaiweka kwenye friji, sehemu kubwa ya hasara imeshatokea. Irudishe kwenye friji baada ya kila kumimina, na usiifungue kuangalia kama bado ina gesi, kwani kila ukifungua unatupa gesi iliyokwisha kukusanyika juu. Kumimina kwenye glasi nako kuna tofauti. Kikundi hicho cha Reims kilipima shampeni mwaka 2010 kikakuta kwamba kumimina ubavuni mwa glasi iliyoinamishwa, kama watu wanavyomimina bia, hutunza gesi nyingi kuliko kumimina katikati ya glasi iliyosimama, na faida ni kubwa zaidi kinywaji kikiwa baridi. Glasi iliyosuuzwa na bado ina unyevunyevu ni bora kuliko iliyofutwa kwa kitambaa kinachoacha nyuzi.

Kuhusu plastiki: aina ya PET, inayotumika kwenye chupa za soda, huipitisha kaboni dioksaidi polepole kwenye kuta zake. Si jambo la usiku mmoja, kwa hiyo halihusiki na chupa yako, lakini kwa wiki na miezi linaonekana. Chupa ndogo huathirika zaidi kwa sababu ina ukuta mwingi kwa kila kiasi cha soda, na joto huharakisha upotevu huo. Soda unayotaka kuikalia muda mrefu inunue ya kioo au ya kopo, maana gesi haipenyi kwenye kioo wala alumini.

Na ikiwa imeshaisha, inawezekana kuirudishia? Inawezekana, kwa mashine za nyumbani zenye mtungi wa kaboni dioksaidi, mradi kinywaji kiwe baridi sana. Lakini nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya maji matupu, na soda yenye sukari hufura povu ikaziba valvu, kwa hiyo soma kwanza maelekezo ya mashine yako. Kuna wanaoshauri kutumbukiza kipande cha barafu kavu kwenye chupa na kuifunga. Tafadhali usifanye hivyo kamwe. Barafu kavu ni kaboni dioksaidi iliyoganda, ina baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri, na inapogeuka gesi hutanuka mara mia kadhaa. Chupa iliyofungwa haina mahali pa kuiweka gesi hiyo. Italipuka, na vipande vyake vimeshajeruhi watu mikono na macho.